SOMO LA FIZIKIA: TUTEMBEE LWIRO, NYUMBA YA KUPIMA TETEMEKO LA INCHI



Inchi ikitetemeka usiku hapa kwetu Bunia, asubuhi yake njiani na kisimani kunasikika maneno ya namna mbili. Wengine wanasema: ni Mungu amekasirikia watu fulani. Wengine wanasema: kuko mtu aliyeifanya, na pale pale wanataja jina lake. Kuko pia neno la tatu, lakini hilo halisikiki sana, sababu lazima mtu ainuke aende kuliuliza. Linaandikwa na masini ndani ya nyumba ya utafiti. Katika somo hili tutaenda kuliuliza.

Kutoka hapa Bunia mpaka Lwiro ni zaidi ya kilometre 450 kwa mstari wa ndege, na kwa barabara ni mbali kupita. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Goma na Bukavu. Kwa hiyo leo tutatembea kwa akili, tukiwa na kaye, kalamu na kompa. Atakayepata njia siku moja atakuwa amekwisha kujua la kuuliza.

1. LABORATWARI YA UTAFITI NI NINI?

Laboratwari yetu ya masomo ni kabati moja: mizani, kipimo cha joto, sumaku, nyuzi za umeme. Humo tunarudilia mambo ambayo wengine walikwisha kuyajua. Laboratwari ya utafiti inatafuta yale ambayo bado kujulikana. Ndiyo tofauti.

Kuko laboratwari ambazo mtu haingii ovyo. Kule Kinshasa, kwenye kilima cha chuo kikuu, kuko masini ya nguvu za atomu inayoitwa TRICO. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1959, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote. Nyumba ya namna ile inalindwa, na hiyo ni haki.

Lakini kuko nyingine zinazokaribisha watu wote. Ile kubwa inaitwa CERN, iko kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Ilianzishwa mwaka 1954. Iko na njia ya chini ya inchi, mviringo wa kilometre 27, kadiri metre 100 kwenda chini, ambamo wanagonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Mtoto wa masomo anaweza kuingia katika sehemu za wageni bila kulipa, akaonyeshwa na watu wa kazi yenyewe.

Kwa nini wanafungua mlango? Kwanza, feza za kazi ile ni za watu wote. Pili, na hii ni kubwa zaidi: mtu aliyeona namna kitu kinavyopimwa anaweza kusadiki akionywa. Asiyeona atasadiki nani? Atasadiki yule mwenye sauti kubwa sokoni.

Musiwaze kwamba nyumba za namna hii ni kinyume cha imani. Kule Cambridge, Uingereza, kuko laboratwari ya fizikia yenye sifa kubwa, jina lake Cavendish, iliyofunguliwa mwaka 1874. Juu ya mlango wake waliandika Zaburi 111, mstari wa 2. Kila mtu afungue Biblia yake asome mwenyewe, ataona kwa nini waliuchagua.

2. LWIRO IKO WAPI, NA NI NANI ALIIJENGA?

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini kwa barabara ya ukingo wa ziwa Kivu, unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege, unafika upande wa Katana. Kadiri kilometre 45 kutoka Bukavu, chini ya milima ya Kahuzi, unakuta nyumba kubwa sana katikati ya mashamba. Ile ndiyo Lwiro.

Wabelgiji walianzisha shirika la utafiti linaloitwa IRSAC mwaka 1947, na Lwiro ikawa makao yake makubwa. Walichunguza mimea, wanyama, magonjwa, chakula cha watu, na pia tetemeko la inchi na volkano. Baada ya uhuru kazi ilipita mikononi mwa Wakongomani, na sasa nyumba inaitwa CRSN, ndiyo kusema kituo cha utafiti wa mambo ya asili.

Mgeni akifika anaonyeshwa makumbusho yenye wanyama, nyoka, wadudu, na vyombo vya wazee wetu. Kuko pia biblioteke kubwa. Wakati wa vita vya 1996 na 1998 kazi ilipata taabu nyingi na mishahara ilikosekana. Lakini wafanyakazi waliendelea kulinda vitabu na mikusanyo ile. Tukumbuke jambo hili tunapochana kurasa za kitabu cha masomo.

Sisi leo tunaenda upande wa wapima tetemeko.

3. KWA NINI INCHI YETU INATETEMEKA?

Aliyetelemka kutoka Bunia mpaka Kasenyi anajua namna barabara inavyoanguka ghafula. Sisi tunakaa juu, kupita metre 1.200. Maji ya ziwa Albert yako kadiri metre 620 tu. Ule ukuta si kilima cha kawaida. Ni ukingo wa bonde kubwa la ufa, linalopita maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Inchi ya upande mmoja na ya upande mwingine zinaachana polepole, milimetre chache kila mwaka.

Mawe hayaachani kwa upole. Yanashikana, yanavutwa, yanavumilia miaka, halafu siku moja yanakatika. Chukua fimbo kavu uipinde: kwanza inakubali, kisha inalia "ta!" na mikono yako inasikia mtikiso. Tetemeko ndilo lile "ta!" la mawe ndani ya inchi. Tarehe 20 mwezi wa 3, 1966, mawe yalikatika karibu na mlima Ruwenzori, na watu zaidi ya mia moja walikufa, wengi wao katika Toro, Uganda.

4. MASINI INAYOSIKIA

Masini ya kupima tetemeko inaitwa sismografi. Wazo lake kila mwanafunzi analijua bila kujua kwamba analijua.

Umesimama juu ya lori, dereva anaanza kwa nguvu: unaanguka nyuma. Kwa nini? Miguu imekwenda na lori, lakini kiwiliwili kilitaka kubaki pale kilipokuwa. Kila kitu chenye uzito kinakataa kusogezwa ghafula. Newton alitufundisha hivyo, na jina la tabia hiyo ni inersia.

Basi ning'iniza jiwe zito kwa kamba. Inchi ikisogea, nguzo zinasogea nayo, karatasi iliyo chini inasogea nayo, lakini jiwe linabaki nyuma kidogo. Ukifunga biki chini ya jiwe, itaandika juu ya karatasi tofauti ya mwendo wao. Ndiyo sismografi. Zile za zamani ziliandika juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye mtungi mfano wa ngoma. Za leo zinageuza mwendo kuwa umeme na kuupeleka ndani ya ordinatere. Lakini siri ni ile ile: kitu kizito kinachokataa kusogezwa.

Mgeni mmoja akiruka karibu na chombo, mstari unaruka pia. Kwa hiyo vyombo vizuri vinawekwa mbali na barabara, juu ya mwamba, mahali pa utulivu.

5. MAWIMBI MAWILI, NA HESABU YAKE

Mawe yakikatika yanatuma mawimbi pande zote. Wimbi la kwanza linasukuma na kuvuta, sawa na sauti. Ndani ya mawe ya juu linakimbia kadiri kilometre 6 kwa sekunde. Wimbi la pili linatikisa kwa ubavu, sawa na nyoka anavyotembea. Lenyewe ni la polepole, kadiri kilometre 3,5 kwa sekunde, lakini kwa kawaida ndilo linalotikisa nyumba kwa nguvu zaidi.

Ni sawa na radi. Unaona mwangaza, unahesabu, halafu unasikia ngurumo. Kadiri hesabu inavyokuwa ndefu, ndivyo radi iko mbali. Mpima tetemeko anafanya vile vile: anatazama wimbi la kwanza lilifika saa gani, la pili lilifika saa gani, anatoa moja kwa nyingine. Tofauti tuiite t, umbali tuuite d:

t = d/3,5 - d/6

Fanya hesabu, utapata:

d = 8,4 x t

Mfano. Tetemeko linatokea Bukavu. Kutoka kule mpaka Bunia ni kadiri kilometre 480 kwa mstari wa ndege. Kwa miendo hii, wimbi la kwanza litafika baada ya sekunde 80 (480 : 6). La pili baada ya sekunde 137 (480 : 3,5). Tofauti ni 57. Zidisha 57 kwa 8,4, unapata 479. Tumerudi tulipoanza, basi hesabu ni ya kweli. (Kwa safari ndefu mawimbi mengine yanapita chini zaidi, kwenye mawe magumu, na yanakimbia kupita hapo. Wapima wako na tabo za kusahihisha. Lakini mwanzo ni huu.)

6. MASHAHIDI WATATU

Sasa tufikie kiini cha safari yetu. Sismografi moja inakuambia umbali, haikuambii upande. Chukua karata ya Kivu na kompa, tufanye mfano wa somo.

Chombo cha Lwiro kinasema: tofauti ni sekunde 7. Zidisha: ni kadiri kilometre 59. Weka sindano ya kompa juu ya Lwiro, chora mviringo wa kilometre 59. Tetemeko liko mahali fulani juu ya mstari ule, lakini wapi?

Chombo cha Goma kinasema: sekunde 6,5. Ni kadiri kilometre 55. Chora mviringo wa pili. Miviringo miwili inakutana mahali pawili. Pamoja ni upande wa Kibuye, katika Rwanda. Pengine ni milima ya Masisi. Mashahidi wawili wamesema kweli wote wawili, na hata hivyo hatujui ni inchi gani iliyopasuka!

Tuulize chombo cha Bukavu. Kinasema: sekunde 8, ndiyo kusema kilometre 67. Chora. Mviringo wa tatu unapita upande wa Kibuye na kuacha Masisi mbali. Sasa tunajua.

Torati ilikataa kuhukumu mtu kwa shahidi mmoja, ikataka wawili au watatu. Wapima tetemeko wanakataa kuhukumu hata jiwe kama hawajapata watatu. Tena hawasimami pale: wanataka wa ine na wa tano, waone kama mashahidi wanapatana.

7. VITUO VIKIWA VICHACHE, NANI ANALIPA?

Mwaka 1986 ilianzishwa Goma nyumba ya kulinda volkano, inayoitwa OVG. Kazi yake ni Nyiragongo na Nyamulagira. Mlima wa moto kabla ya kupasuka mara nyingi unatikisa inchi kwa matetemeko madogo, na mwenye vyombo vya kutosha anaweza kufuata moto chini ya inchi sawa na mwindaji anavyofuata nyayo.

Lakini mwaka 2002 vita vilikuwa vimeharibu mengi, na vituo viwili tu vilikuwa vinafanya kazi. Wanafunzi, mumekwisha kuona vyombo viwili vinaweza nini na haviwezi nini. Watafiti waliona ishara, walionya kwamba kuko hatari, lakini kwa vyombo vile hawakuweza kuonyesha vizuri mahali na saa. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, 2002, Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika ziwani.

Baadaye vituo viliongezwa. Mwaka 2020 feza za msaada zilikoma, na intaneti iliyoleta habari za vituo ikakatika kwa miezi. Volkano ilipasuka tena tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Tuseme kweli yote: safari ile hata vyombo vilivyokuwa vikisikia vilipata ishara kwa muda mfupi sana, chini ya saa moja. Siku tano baadaye, tarehe 27, serkali iliagiza kartie 10 kati ya 18 za Goma zitoke, sababu vyombo vilionyesha moto umeenda chini ya mji na ziwa. Watu mamia ya maelfu walitoka kwa miguu, kwa motokari na kwa mashua. Mlipuko wa pili haukuja, na mwezi wa 6 walianza kurudi.

Wengine walisema: kumbe walitudanganya! Hapana. Mwuguzi akisema homa hii inaweza kuua, na mgonjwa akapona, je, alidanganya? Laboratwari inasema hatari iko kiasi gani. Na neno hili mulishike sana: hakuna laboratwari hata moja duniani inayoweza kutaja siku na saa ya tetemeko linalokuja. Mtu akikuletea kwenye telefone habari kwamba "saa tisa ya usiku inchi itatetemeka, ondokeni," ujue si neno la wapima.

8. JE, NI MTU FULANI ALIYEFANYA?

Tarehe 3 mwezi wa 2, 2008, siku ya Mungu, asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5,9 lilipiga Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi. Katika Rwanda kanisa lilianguka juu ya watu waliokuwa wakiabudu, na wengine walikufa humo.

Tujibu nini? Kama tetemeko ni hasira kwa wabaya, sababu gani liliua watu waliokuwa wakisali? Kama ni uchawi wa mama mzee wa kijiji fulani, yeye anapata wapi nguvu za kutikisa jimbo zima pamoja na inchi ya jirani? Kuta nzito za matofali, zisizofungwa vizuri, juu ya inchi yenye ufa: hicho ndicho kilichoua. Bwana Yesu aliulizwa jambo karibu sawa na hili. Someni Luka 13, habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Hakukubali waitwe wabaya kuliko wengine.

Kwa hiyo fizikia si hesabu za mtihani tu. Mtu akisingiziwa asubuhi baada ya tetemeko, anaweza kupigwa, kufukuzwa, hata kuuawa. Mwanafunzi aliyejua habari ya mashahidi watatu asinyamaze. Aulize kwa heshima: "Baba, mashahidi wa neno hili ni wapi? Waliona nini? Walipima na nini?" Mara nyingi swali moja lenye upole linatuliza watu kumi wenye hasira.

9. UKIENDA KUTEMBELEA NYUMBA YA UTAFITI

a) Bwana Prefe aandike barua mbele, ataje hesabu ya wanafunzi na siku. Mungoje jibu.
b) Kila mmoja aandike ulizo moja kabla ya kuondoka. Ulizo zuri ni hili: "Munajuaje?" Kisha: "Munaweza kukosa kwa kiasi gani?"
c) Hapana kugusa. Hapana kuruka. Sismografi itaandika utundu wako!
d) Andika unachoonyeshwa, na uandike pia kile wanachosema bado hawakijui. Mtafiti wa kweli haoni haya kusema "bado hatujui."
e) Ukirudi, simulia nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Kama babu hakuelewa, hujaelewa wewe.

10. KAZI NA MAULIZO

Kazi. Tengeneza sismografi ya darasa: kikwazo cha miti mitatu, kamba, jiwe la kilo mbili au tatu, biki, karatasi ndefu inayovutwa polepole na mwenzako. Mwingine agonge meza. Haitasikia tetemeko la mbali, lakini itaonyesha inersia mbele ya macho yenu.

Maulizo.
1) Tofauti ya mawimbi ni sekunde 20. Tetemeko liko mbali kiasi gani?
2) Kwa nini vyombo viwili havitoshi? Chora.
3) Kwa nini sismografi haiwekwi kando ya barabara ya malori?
4) Inchi ikitetemeka tukiwa darasani, kwa nini ni vibaya wote kukimbilia mlango mmoja? (Fikiri: ni nini kinachoua haraka, tetemeko dogo au watu mia kwenye mlango mmoja?) Linda kichwa chini ya meza, ngoja litulie, toka kwa mpango, simama mbali na kuta.
5) Tafuta katika Biblia, Amosi 1, mstari wa 1. Nabii alipimaje mwaka wake? Hiyo inatuambia nini juu ya tetemeko lile?

Leteni majibu kwa mwalimu wa fizikia. La kwanza ni kilometre 168. Kwa mengine, chora, pima, uliza.